Lango la Bustani Lisifungwe Baada ya Nane Nane

Katika kazi zote azifanyazo mwanadamu kwa mikono yake, kazi ya bustani ni miongoni mwa zile zisizofundishika barabara kwa maneno matupu, kwa kuwa elimu yake imo katika unyevu wa udongo ushikwao kiganjani, katika umanjano wa jani lililokosa chakula, katika harufu ya samadi iliyoiva na ile ambayo bado mbichi, na katika mambo mengine mengi ambayo kitabu huyataja lakini jicho na pua ndivyo viyathibitishavyo. Kwa sababu hiyo watu walioipenda kazi hii, katika nchi mbalimbali na kwa nyakati mbalimbali, walifikia rai moja, nayo ni kwamba haitoshi mtu kulima nyuma ya ua wake, bali sharti iwepo siku ambayo lango hufunguliwa, jirani akaingia na watoto wake, na mjuzi wa kilimo akasimama kando ya tuta kuulizwa na kuuliza. Siku ya namna hiyo ndiyo maudhui ya makala haya, na nia yangu ni kuonyesha kwamba sisi tunayo tayari, tena kubwa, lakini tunaitumia kwa siku nane tu na kuiacha ilale mwaka mzima uliobaki.

Nchini Tanzania hapana haja ya kumweleza mtu Nane Nane ni nini. Kila tarehe 1 Agosti viwanja vya maonyesho ya wakulima hufunguliwa kanda kwa kanda, Nzuguni kwa watu wa Dodoma na Singida, Themi kwa Arusha na majirani zake wa kaskazini, John Mwakangale kwa Mbeya na Nyanda za Juu Kusini, Ngongo kwa Lindi na Mtwara, Nyamhongolo kwa watu wa Mwanza, na Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kwa Morogoro, Pwani, Dar es Salaam na Tanga, na shughuli hufikia kilele tarehe 8, ambayo ni sikukuu ya taifa. Wazee wanakumbuka kwamba hapo zamani mkulima alisherehekewa siku ya Saba Saba, iliyo kumbukumbu ya kuzaliwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954, kabla ya siku hizo mbili kutengwa, biashara ikaachiwa Julai na jembe likapewa Agosti.

Mgeni wa mara ya kwanza aghalabu humezwa na mabanda. Huko hukutana na benki, kampuni za simu, wauza matrekta, wauza asali, vipaza sauti vinavyoshindana, na foleni ya watoto wanaotaka kumwona chatu au ng'ombe wa maziwa aliyenona kupita kiasi. Sina ugomvi na hayo yote, maana sikukuu bila ya vifijo haiwi sikukuu. Lakini roho ya Nane Nane haikai mabandani, inakaa nyuma yake, katika vipando, yaani yale matuta yaliyoandaliwa tangu miezi miwili au mitatu nyuma na taasisi za utafiti, vyuo, halmashauri, Jeshi la Kujenga Taifa na Magereza, ili ifikapo Agosti mahindi yawe yamebeba, kabichi ziwe zimefunga, na mchicha uwe umefika kimo cha kuchumwa. Hapo ndipo mtu aonapo nyanya ya Tengeru 97, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1997 sambamba na mwenziwe Tanya, nyanya chungu nyeupe iitwayo Tengeru White, na mnafu wa Nduruma na wa Olevolosi, mbegu mbili zilizopewa majina ya mahali huko Arusha, ambako tawi la Kituo cha Dunia cha Mboga, chenye makao yake makuu Taiwan, limekuwa likifanya kazi tangu mwaka 1992. Ni mboga za bibi zetu hizi, zilizodharauliwa miaka mingi kuwa ni chakula cha wakati wa dhiki, na sasa zimechaguliwa, zikapimwa na kurudishwa kwetu kwa heshima.

Nakumbuka alasiri moja katika kipando cha mboga pale Morogoro, safu ya Uluguru ikiwa imejiinamia nyuma yetu na vumbi la Agosti likielea juu ya njia, ambapo bibi shamba mmoja kijana, mwenye kofia ya nyasi na buti za mpira, alikuwa akiwaonyesha watu bustani ya gunia. Mbele yake alisimama mama mmoja wa mjini, watoto wawili, na mkongwe ambaye baadaye nilifahamu kuwa ni mama mkwe wake, mwenyeji wa upande wa Shinyanga. Baada ya watoto kusukumwa mabegani ili watoe shikamoo, na marahaba ikaitikiwa, mama yule alisema lililomkera.

"Bibi shamba, sisi tumepanga, na ua wenyewe ni wa saruji toka ukutani hadi ukutani. Hiyo bustani tutaiweka wapi?"

"Dada yangu, gunia haliombi shamba," akajibu yule binti, "linaomba mahali pa kusimama na jua la nusu siku."

Kisha, badala ya kuendelea kuhutubu, akaanza kulifanya gunia jipya mbele yao toka mwanzo. Akalikunja ukingo mara mbili ili lisimame, akamwaga chini tabaka la kokoto, akasimamisha katikati yake kopo kubwa la rangi lililokatwa kitako, akalijaza kopo mawe madogo, na pembeni mwake akashindilia taratibu udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vyema na mchanga kidogo. Udongo ulipofika ukingo wa kopo akalivuta kopo juu, mawe yakabaki yamesimama kama nguzo ndani ya udongo, akalijaza tena, akavuta tena, hata gunia likajaa. Mtoto wa kiume, ambaye nadhani hakuwa amepita darasa la tatu, hakuweza kustahimili.

"Mbona unaweka mawe kwenye udongo?"

"Hiyo ndiyo njia ya maji, baba. Nikimwagia juu tu, maji yatashiba juu na mche wa chini utakufa na kiu. Yakipita kwenye mawe, kila mmoja atapata fungu lake."

Akamkabidhi kijiti chenye ncha, akamwelekeza kutoboa matundu ubavuni mwa gunia kwa kupishanisha, moja juu na moja chini, na katika kila tundu mtoto mwenyewe akaingiza mche wa sukuma wiki, mizizi ikitazama ndani, akaubana kwa kidole. Sikuona mtoto yeyote mabandani, hata wale waliokuwa mbele ya chatu, aliyeshughulika kwa umakini uliozidi huo.

Jambo lililonifanya niikumbuke alasiri ile, hata hivyo, lilitokea hatua chache mbele, kwenye tuta la mgagani. Mgagani ule ulikuwa umerefuka, umetoa maua yake meupe yenye nyuzi ndefu, na ulipendeza kuutazama. Mkongwe akaukaribia, akaugeuza kichwa mmea mmoja, akatikisa chake.

"Mjukuu wangu, huu umeuachia," akasema. "Mgagani ukishazaa umekuaga. Kwetu tunayavunja maua yangali machanga, tena kila siku, nao hukasirika ukatoa majani mapya. Ndivyo tunavyochuma hata tukapata ya kuanika."

Bibi shamba hakujitetea. Alichomoa daftari katika mfuko wa koti, akaandika, akamwuliza mkongwe majani huanikwa mabichi au hupikwa kwanza, akaandika tena. Na mimi niliyesimama karibu nikaona kwamba ndani ya robo saa, katika eneo lisilozidi ukubwa wa jamvi, elimu ilikuwa imekwenda pande tatu: kutoka kwa mtaalamu kwenda kwa mama, kutoka kwa mkongwe kwenda kwa mtaalamu, na kutoka kwa wote kwenda kwa mtoto mwenye kijiti mkononi.

Sasa, maadamu jambo jema namna hii lipo, kasoro iko wapi? Iko katika kalenda. Vipando vya Nane Nane huoteshwa kwa maji ya kumwagiliwa, katikati ya kiangazi, na hutayarishwa ili vionekane vikiwa katika uzuri wao wa mwisho. Mwenye kuvitazama huona kilele tu. Haoni mbegu ikisiwa kitaluni, wala nyasi za kufunika kitalu zikiondolewa siku mbegu ichomozapo, haoni mche ukilegea siku mbili za mwanzo baada ya kupandikizwa kisha ukasimama, haoni kantangaze alivyoanza kuchora njia zake katika jani la nyanya kabla hajamaliza shamba zima, wala haoni mvua kubwa ya masika ikivunja matuta ya mtu aliyeyapiga kwa kufuata mteremko badala ya kuukata. Mambo hayo ndiyo yamshindayo mkulima mchanga, na ndiyo yanayomfanya aseme, baada ya jaribio la kwanza, kwamba yeye hana mkono wa kupanda. Fauka ya hayo, ifikapo jioni ya tarehe 8 wataalamu hupakia viti vyao, na sehemu kubwa ya ardhi ile, iliyolimwa, iliyorutubishwa na kuwekewa mabomba ya maji kwa gharama ya umma, hurudi katika ukimya mpaka maandalizi ya mwaka mwingine. Naliona jambo hili kuwa ni israfu, na sioni neno laini zaidi la kuliitia.

Wapo watu wengine waliolitatua swali hili la lango kwa njia zao, na visa vyao vinafaa kusimuliwa.

Kule Uingereza, tangu mwaka 1859, tajiri mmoja wa Liverpool aitwaye William Rathbone alipomwajiri muuguzi wa kuwatembelea maskini wagonjwa majumbani mwao, kazi ya wauguzi wa mitaani iliendeshwa kwa sadaka na michango, kwa kuwa serikali ilikuwa haijalichukua jukumu hilo. Malkia Alexandra, aliyekuwa mlezi wa wauguzi hao, alipofariki mwaka 1925, wakuu wa taasisi yao walitafuta namna ya kumkumbuka itakayoleta pia fedha, na mjumbe mmoja wa baraza, Bibi Elsie Wagg, akatoa shauri lililokuwa dogo kwa sura na kubwa kwa matokeo: nchi imejaa bustani nzuri, nazo hazionwi ila na wenyewe na wageni wao, basi wenye bustani waombwe kuwafungulia watu lango, kila aingiaye alipe shilingi moja. Mwaka 1927 bustani 609 zilifunguliwa, pamoja na ile ya mfalme huko Sandringham, na fedha zilizokusanywa zikapita pauni 8,000, ambazo kwa siku zile zilikuwa si haba hata kidogo.

Kilichonivutia mimi katika kisa hiki si fedha, bali ni kwamba jambo hilo halikufa sababu yake ya kwanza ilipoondoka. Mwaka 1948 serikali ya Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya taifa na kuwachukua wauguzi wale chini ya himaya yake, na mtu angetarajia malango yafungwe siku hiyohiyo. Hayakufungwa. Fedha zikaelekezwa kwa wauguzi waliostaafu, na baadaye kwa mashirika yanayowahudumia wenye saratani na walio katika siku zao za mwisho, na hivi leo bustani zaidi ya 3,000 hufunguliwa kwa zamu. Zimo za majumba ya kifahari, lakini zimo pia za nyuma ya nyumba ndogo za mjini, ambapo mwenye nyumba mwenyewe husimama mlangoni, akauza chai na keki, akaweka mezani vipandikizi vya mimea yake kwa bei ndogo, na kumweleza kila aulizaye ua lile alilipata wapi na lilimsumbua vipi. Watu walikuwa wamekwisha kuonja utamu wa kuingia bustani ya mwenzao, na utamu huo ukawa sababu mpya.

Kisa cha New York ni kikali zaidi. Katika miaka ya 1970 mji ule ulikuwa umefilisika nusura, na mitaa ya maskini ilijaa viwanja vitupu vilivyoachwa na majumba yaliyoungua au kubomolewa, vikageuka majalala. Mwaka 1973 mchoraji mmoja aliyeishi Lower East Side, Liz Christy, pamoja na wenzake waliojiita Green Guerillas, ambao walikuwa na desturi ya kurusha vifurushi vya mbegu juu ya nyua za viwanja vilivyofungwa, waliingia katika kiwanja kimoja kwenye pembe ya barabara za Bowery na Houston, wakazoa taka, wakaleta udongo, wakapiga matuta. Mwaka uliofuata mji ukakubali kuwapangisha kwa dola moja kwa mwezi, na mwaka 1978 ukaanzisha mpango wake wenyewe wa bustani za jumuiya, uitwao GreenThumb. Kisha ardhi ikapanda thamani, na mwaka 1999 meya Rudolph Giuliani akatangaza kuzinadi zaidi ya bustani 100 kati ya hizo, kwa hoja kwamba ni viwanja vya mji na mji una haki ya kuviuza. Kwa karatasi hoja yake ilikuwa na nguvu, kwa kuwa wakulima wale hawakuwa na hati yoyote ya kumiliki. Lakini watu walitoka barabarani, wakapinga mahakamani na nje ya mahakama, na mnada ulipokaribia mashirika mawili, Trust for Public Land na lile lililoasisiwa na mwigizaji Bette Midler, yakazinunua kwa dola milioni 4 na ushei ili zibaki bustani.

Naamini kwamba umati ule usingetoka kutetea matuta ya watu wachache waliojifungia. Ulitoka kwa kuwa watoto wake walicheza humo, harusi zake zilifungwa humo, na wazee wake walipata humo mahali pa kukaa. Lango lililokuwa wazi lilikuwa limewapa wakulima wale jambo lililozidi hati. Hata mji wenyewe umelifahamu hilo, maana leo GreenThumb ina bustani zaidi ya 500, na miongoni mwa masharti inayowapa wenye kuzitunza ni kwamba lango liwe wazi kwa yeyote apitaye, kwa saa zisizopungua 20 kila wiki, tangu Aprili hadi Oktoba.

Nikirudi nyumbani, sidhani kwamba tumepungukiwa na mapenzi ya mimea. Mama wa Kiswahili, hata akiwa na ua wa hatua tatu, hakosi mrehani, mlangilangi au kopo la kitunguu cha majani. Majirani zetu wa Kenya wana maonyesho yao ya chama cha kilimo chenye asili ya mwaka 1901, na watu wa Mombasa huyangojea pale Mkomani kama watu wa Morogoro wayangojeavyo yao. Na huko Kibera, Nairobi, bustani za magunia zimezilisha familia zisizo na hata shubiri ya ardhi. Unguja mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi hupokea wageni kutoka nchi za mbali kila uchao, wakaonyeshwa mdalasini unavyobanduliwa, hiliki inavyozaa shinani na vanila inavyopanda mti wa watu, ilhali mtoto wa Ng'ambo aweza kufikia utu uzima akiijua karafuu kwa harufu ya jamvi lililoanikwa njiani, asipate kamwe kusimama chini ya mkarafuu akaonyeshwa kikonyo kipi kimewiva na kipi bado. Laiti wenye mashamba yale wangetenga siku moja ya mwezi kwa ajili ya familia za mjini, bila ya kutoza fedha za kitalii.

Kuna kikwazo kingine, cha moyoni, ambacho sharti tukiseme. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shamba la shule lilikusudiwa liwe darasa, mahali pa kuunganisha akili na mkono. Lakini katika shule nyingi, kwa miaka mingi, jembe lilikabidhiwa mtoto aliyechelewa, aliyepiga kelele, au aliyeshindwa hesabu, na tuta likawa ndilo fimbo ya pili ya mwalimu. Kizazi kizima kikajifunza, bila ya kufundishwa kwa maneno, kwamba kulima ni adhabu na kuacha kulima ndiko kufaulu. Watu wa kizazi hicho leo ni baba na mama, na hawatabadilika kwa mabango wala kwa hotuba. Watabadilika, asaa, siku watakapowaona watoto wao wakiushika udongo kwa furaha mbele ya mtu mwenye maarifa asiyeshika fimbo.

Na jambo hili si la anasa. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania Bara na Visiwani walio chini ya umri wa miaka 5 wamedumaa, na kwamba mikoa iliyotia fora kwa udumavu ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo ni ghala la taifa la mahindi. Kwa hiyo gunia la nafaka limejaa na mtoto bado hakui. Udumavu una sababu nyingi, kuanzia maradhi hadi kazi nzito za mama mjamzito, lakini mojawapo iliyo dhahiri ni sahani isiyo na rangi, ugali juu ya ugali, bila ya mboga ya majani, bila ya maharage, bila ya tunda. Mchicha hukomaa katika muda wa wiki nne hivi tangu kusiwa. Sijui dawa iliyo karibu zaidi na mlango wa jiko.

Wataalamu nao wanazihitaji siku hizi za lango wazi kuliko wanavyodhani. Bwana shamba anayekaa ofisini hujua mazao kwa taarifa, lakini siku afunguapo kipando na watu wakaja na maswali yao, hujua pia maji yao yanatoka wapi. Chukua mfano wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ambalo kwa miaka mingi limeupatia mji mboga, na ambalo mto wake hupokea maji machafu ya viwanda na ya majumba. Mama anayenunua fungu la matembele hudhani kwamba kuyaosha mara tatu kunatosha, na kwa vijidudu kuosha husaidia. Lakini madini mazito kama risasi yakishapanda kutoka udongoni kuingia ndani ya jani, hayaoshiki kwa maji yoyote. Ni nani atamwambia mama huyo, na wapi, kwa lugha ya kawaida na bila ya kumharibia riziki mkulima ambaye hana ardhi nyingine? Mkutano wa kikazi hotelini hautamfikia yeyote kati ya hao wawili. Mahali pa kukutana kwao, pamoja na mpimaji wa udongo na afisa wa afya, ni kando ya tuta lenyewe, siku iliyotangazwa, wote wakiwa wamesimama.

Nikiulizwa nataka nini hasa, nitasema kwamba sitaki jambo jipya, nataka lile la Agosti ligawanywe. Viwanja vipo, visima vipo, mabwana shamba na mabibi shamba wapo katika kata nyingi, na vyuo kama Sokoine, kilichopo Morogoro tangu mwaka 1984, vina wanafunzi wanaohitaji mahali pa kufanyia mazoezi. Kipando kimoja cha mboga kikihifadhiwa katika kila kiwanja cha Nane Nane baada ya sherehe, kikafunguliwa Jumamosi ya kusia mbegu kabla ya mvua za kwanza, kisha ya kupandikiza, kisha ya palizi na wadudu, kisha ya mavuno na mapishi, familia itakayohudhuria siku hizo nne itakuwa imeona maisha yote ya mmea, pamoja na maradhi yake. Kiingilio kiwe kidogo, au kisiwepo, na mtoto asiondoke bila ya mche mmoja mkononi, uliofungwa katika kiriba chake. Kipando kisipambwe. Tuta lililoliwa na wadudu liachwe lionekane, na mtaalamu aseme kwa nini lililiwa, maana watu humwamini zaidi mkulima aliyewaonyesha hasara yake kuliko yule aliyewaonyesha kabichi za mashindano tu.

Mahali pasipo na kiwanja, shule inatosha, au ua wa zahanati, ambako mama huja kupima mtoto na huweza kuonyeshwa palepale mboga aliyoagizwa ampikie. Na mahali pasipo na hata hayo, nyumba ya mtu mmoja inatosha. Wale Waingereza wa mwaka 1927 hawakuanza kwa kujenga chochote, walianza kwa kufungua komeo.

Wakuu wa halmashauri na wasimamizi wa viwanja vya Nane Nane nawasihi waamue sasa, kabla ya mvua za vuli, ni kipando kipi kitakachobaki na ni Jumamosi zipi lango litakuwa wazi, kisha wazitangaze redioni na misikitini na makanisani kama watangazavyo chanjo. Nawe msomaji, ikiwa nyuma ya nyumba yako kuna tuta moja la mchicha au magunia mawili ya sukuma wiki, mwambie jirani aje na wanawe Jumamosi ijayo, na mwite bwana shamba wa kata yako aje naye.